Pedali ya kujitengenezea: kidhibiti cha besi kiwekwe wapi?

Mpiga gitaa wa Lubumbashi anayejiundia pedali hukutana mapema na tatizo lile lile. Akikanyaga swichi, sauti za juu zinapata makali, lakini nyuzi nene zinakonda. Akiuliza afanye nini ili besi irudi, anapewa majibu matatu yasiyopatana. Wa kwanza humwambia abadilishe kapasita ya kuingilia, iliyo karibu na tundu la waya wa gitaa. Wa pili humshauri aongeze saketi ya toni kama ile ya redio, yenye besi na trebo. Wa tatu humhakikishia kwamba pedali ni nzima na spika ndiyo dhaifu.

Kila jibu lina ukweli wake, lakini kila moja ni la pedali ya aina fulani na mpigaji wa aina fulani. Likipelekwa pasipofaa, fundi anamaliza vipuri na jioni nzima ya kuchomelea, halafu sauti inabaki ilivyokuwa, au inaharibika zaidi. Kinacholeta mkanganyiko ni kuulizana "besi inaongezwaje" kabla ya kuuliza inapunguzwa wapi, na kwa sababu gani.

Besi inapotelea wapi

Gitaa lililotuniwa kawaida lina uzi mnene wa Hz 82, unaofuatwa na Hz 110, 147, 196 na 247, hadi ule mwembamba wa Hz 330. Hizo ni sauti za nyuzi zikiwa wazi, kabla kidole hakijagusa shingo. Kwa hiyo nyuzi zote sita, zikiwa wazi, zinaanzia chini ya Hz 400. Mtu akisema pedali inakata chini ya Hz 700, anasema inagusa msingi wa kila uzi.

Kinachokata ni kapasita. Ikikaa kwenye njia ya sauti, hupitisha mawimbi ya juu kwa urahisi na kuyazuia ya chini. Ikikutana na rezista, viwili hivyo huweka mpaka: juu ya mpaka sauti hupita karibu yote, na tukishuka vizuri chini yake hupungua nusu kwa kila oktava. Mpaka wenyewe hupatikana kwa hesabu ambayo fundi anaweza kuifanya kwa simu yake. Zidisha rezista kwa kapasita, zidisha tena kwa 6.28, halafu gawanya 1 kwa jibu ulilopata.

Tuchukue Tube Screamer ya Ibanez, pedali ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo mchoro wake umenakiliwa duniani kote na ndio ambao wengi huanza nao. Kwenye hatua yake ya kukuza sauti kuna rezista ya kiloomu 4.7 na kapasita ya nanofaradi 47. Hesabu inatoa Hz 720. Kidhibiti cha nguvu kikiwa chini kabisa, sauti zilizo juu sana ya mpaka huo hukuzwa karibu mara 12, na ule uzi mnene wa Hz 82 haufikishi hata mara 2. Hapa besi haijafutwa. Imepita karibu kama ilivyoingia, huku wenzake wakikuzwa mara nyingi. Sikio linasikia upungufu.

Mbunifu hakuisahau besi. Aliibana makusudi, na sababu yake ndiyo msingi wa hoja yote. Pedali ya distoshoni huleta mkwaruzo kwa kukata vilele vya mawimbi, mara nyingi kwa dayodi mbili. Noti moja ikikatwa, huzaa sauti za juu zinazopatana nayo. Noti mbili zikikatwa pamoja, huzaa pia tofauti yake na jumla yake. Piga Hz 82 na Hz 110 kwa pamoja ndani ya mkwaruzo: unapata pia Hz 28 na Hz 192, sauti ambazo hakuna kidole kilichozipiga. Kadiri besi inayoingia kwenye dayodi inavyozidi, ndivyo takataka hizo zinavyozidi, maana mawimbi ya chini ndiyo makubwa na ndiyo yanayotawala ukataji. Matokeo yake ni ule mvumo mzito unaomeza noti zote zinazopigwa pamoja hadi zisitambulike.

Hivyo anayetaka besi anapaswa kuchagua kati ya mambo mawili: besi iingie kwenye mkwaruzo, au ije baada yake. Ni milango miwili tofauti na sauti zake ni mbili.

Ushauri wa kapasita ya kuingilia

Ushauri huu ndio unaosambaa kuliko mingine, labda kwa kuwa ndio rahisi: toa kapasita moja, weka kubwa zaidi. Kwa pedali za zamani za transista mara nyingi unafaa kabisa. Rangemaster, kifaa cha kampuni ya Dallas ya London kilichotoka katikati ya miaka ya 1960, kilitumia kapasita ya karibu nanofaradi 5 mbele ya transista moja ya jerimani. Transista ya namna hiyo haina upinzani mkubwa mlangoni. Tuukadirie kuwa kiloomu 15, na kapasita iwe ya nanofaradi 4.7: mpaka unakuwa juu ya Hz 2,200, na besi karibu yote inabaki nje. Ukiweka kapasita mara 10, mpaka unashuka hadi karibu Hz 225, na gitaa linajaa papo hapo.

Sasa fanya hivyo kwenye pedali ya chipu kama Tube Screamer. Mlangoni mwake kuna nanofaradi 20 na rezista ya kiloomu 510, na mpaka wake ni Hz 16 hivi. Uko chini ya noti yoyote ya gitaa, hata ya gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene wa kawaida hutoa Hz 41. Hakuna besi iliyozuiwa hapo, kwa hiyo hakuna ya kurudisha. Fundi anaweza kuweka kapasita mara 10 au mara 50 na asisikie chochote.

Wanaosifu ushauri huu na wanaoukataa wanasema kweli wote wawili. Wana pedali tofauti mikononi, na kabla ya kubishana wangefungua makopo yao walinganishe.

Kufungua njia kabla ya mkwaruzo

Njia ya kwanza, kwenye pedali ya chipu, ni kugusa ile jozi ya kiloomu 4.7 na nanofaradi 47. Ukiweka nanofaradi 100, mpaka unatoka Hz 720 hadi karibu Hz 340. Ukiweka 220, unafika Hz 154. Kapasita zenyewe hazina taabu kupatikana: ile iliyoandikwa 473 ni nanofaradi 47, 104 ni 100, na 224 ni 220. Redio ya kaseti iliyokufa au televisheni ya zamani kwenye kibanda cha fundi katika mitaa ya Lubumbashi kama Kenya, Katuba au Kamalondo huwa nazo za kutosha, na za aina ya plastiki au seramiki hazizeeki haraka kama zile za maji ambazo hukauka.

Anayetaka kidhibiti cha kuzungusha badala ya thamani moja ya kudumu aache ile ya 47 mahali pake, kisha sambamba nayo aweke 220 iliyofuatana na potenshiometa ya kiloomu 50. Ikifunguliwa kabisa, kapasita mbili zinajumlishana kuwa 267 na mpaka unashuka hadi karibu Hz 127. Ikifungwa, pedali inarudi karibu na tabia yake ya mwanzo. Vipuri ni viwili, tundu jipya kwenye kopo ni moja, na hakuna chipu ya ziada. Dosari yake ni kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hujikusanya mwishoni mwa mzunguko. Anayekereka na hilo atumie swichi ya nafasi tatu yenye kapasita tatu. Mpigaji aliye jukwaani atajua bila kutazama yuko wapi.

Dosari kubwa zaidi ni ile iliyokwisha tajwa: besi hii inapita kwenye dayodi. Kidhibiti cha nguvu kikiwa chini, inaleta unene mzuri. Kikipandishwa, unene unageuka tope. Kwa maneno mengine, kidhibiti hiki kinabadilisha tabia ya mkwaruzo kuliko kinavyobadilisha kiasi cha besi. Wengi wanaokilaumu walitegemea kazi ambayo hakikutengenezwa kuifanya.

Kuongeza baada ya mkwaruzo

Njia ya pili ni saketi ya toni inayokaa mwishoni. Ipo ya kawaida isiyokuza, ya rezista na kapasita tupu. Udhaifu wake ni kwamba inameza sauti, na lazima hatua nyingine iirudishe. Sitakaa sana hapo. Inayostahili kujadiliwa ni ile ya Peter Baxandall, mhandisi Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1952 katika jarida la Wireless World, na ambayo tangu hapo imeingia kwenye amplifaya na redio zisizohesabika. Ndiyo wengi wanayoifahamu kwa vidole vyao: kidhibiti kikiwa katikati sauti haibadiliki, kulia inapanda, kushoto inashuka.

Uzuri wake ni dhahiri. Besi inaongezwa baada ya vilele kukatwa, hivyo haizalishi zile noti za uongo. Inaweza kupunguza kama inavyoongeza, jambo ambalo njia ya kwanza haiwezi kulifanya kwa mapana hayo. Tena haitegemei pedali ni ya aina gani. Inaweza hata kukaa kwenye kopo lake peke yake.

Gharama yake haionekani kwenye mchoro. Chukua saketi ya kawaida yenye potenshiometa ya kiloomu 100, rezista mbili za kiloomu 10, moja kila upande, na kapasita ya nanofaradi 47. Ikizungushwa kulia kabisa, uzi mnene wa Hz 82 unakuzwa zaidi ya mara 4. Kama mkwaruzo unatoa kilele cha volti 1, sasa unahitaji zaidi ya volti 4. Pedali inayotumia volti 9 ina volti 4.5 tu kila upande wa katikati, na chipu kama TL072 haifiki ukingoni. Huanza kukata volti moja au zaidi kabla ya mwisho. Yaani saketi iliyowekwa ili besi isikwaruzwe inaanza kuikwaruza yenyewe, tena kwa ukali usio na mpangilio wa dayodi. Dawa ni kushusha sauti kabla haijaingia kwenye toni na kuipandisha baadaye, au kuikinga potenshiometa isifike mwisho. Michoro mingi inayozunguka haisemi hivyo.

Kuna neno pia kwa gitaa la besi. Huko hakuna kidhibiti cha besi kinachotosha; jawabu linalofaa ni kuchanganya, sauti safi ikipita pembeni na kuungana na yenye mkwaruzo mwishoni. Cha kuangalia ni kimoja: kama saketi ya mkwaruzo inageuza mawimbi juu chini, sauti mbili zikikutana zitafutana, na besi itapungua badala ya kuongezeka.

Umeme unaingia kwenye hesabu

Mijadala mingi ya pedali huchukulia kwamba umeme ni safi na upo. Lubumbashi haiwezi kuanza na dhana hiyo. Mkoa wa Katanga ya zamani ulijengewa mabwawa ya umeme kwa ajili ya shaba: Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Migodi bado inavuta sehemu kubwa ya umeme huo, na mitaa huishi na kukatika kwake. Kwa hiyo pedali ile ile leo inapiga kwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kesho kwa jenereta, keshokutwa kwa betri.

Umeme wa ukutani una Hz 50. Adapta ya transfoma ikiugeuza kuwa wa betri, huacha mtetemo wa Hz 100. Namba hizo mbili zinaangukia pale pale penye besi ya gitaa. Hz 100 iko jirani kabisa na uzi wa Hz 110. Rudi kwenye ile saketi ya Baxandall. Ikiongeza Hz 82 zaidi ya mara 4, Hz 50 inaongezwa karibu mara 6. Mvumo wa umeme unapandishwa kuliko uzi wenyewe. Mpigaji anayesema kidhibiti chake kipya kina kelele mara nyingi hajakosea kuchomelea. Kidhibiti kinafanya kazi yake kwa uaminifu juu ya kila kilicho chini, na mvumo uko chini.

Hapa njia ya kwanza ina nafuu, kwa kuwa kipimo chake cha juu hakizidi kile ambacho pedali tayari inazipa sauti za juu. Hata hivyo nayo, nguvu ikiwa juu, itafungulia mvumo.

Yapo mambo mawili yanayosaidia na hayagharimu kitu kikubwa. Moja ni kuweka rezista ya omu 100 kwenye njia ya volti 9, ikifuatwa na kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda ardhini: mtetemo wa Hz 100 unashuka karibu mara 6. Ukiweka mikrofaradi 470, unashuka karibu mara 30. Pedali inayovuta miliampia 5 itapoteza nusu volti tu kwa rezista hiyo. Lingine ni betri. Wengi huikimbia kwa kudhani saketi yenye chipu itaimaliza kwa siku chache, na hesabu haiwaungi mkono. TL072 yenye hatua mbili huvuta karibu miliampia 3. Betri ya alkali ya volti 9 ina takriban miliampia-saa 500, yaani zaidi ya saa 100 za kupiga. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba pedali imewaka inaweza kula zaidi ya chipu yenyewe. Ipunguzwe kwa rezista kubwa zaidi, au iondolewe. Betri za bei nafuu za zinki hudumu kidogo kuliko hapo, ila hazina mvumo wowote. Mvumo ukibaki hata kwa betri, basi mara nyingi unaingia kupitia koili za gitaa lenyewe, na hakuna saketi ya pedali itakayoutoa.

Gitaa linafanya kazi gani?

Ubishi wa mafundi huishia kwenye vipuri, lakini uamuzi unategemea mpigaji na kundi lake. Katanga ina mapokeo mawili makubwa ya gitaa, na hayahitaji besi ile ile.

Mapokeo ya kwanza ni ya mpigaji mmoja. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, alikuta mtu mmoja akibeba muziki wote: kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kikiimba juu. Anayeufuata mtindo huo kwa gitaa la umeme hana mpiga besi nyuma yake. Gumba lake likikonda, wimbo umepoteza mguu mmoja. Lakini likiingizwa kwenye mkwaruzo, linachafua pia kazi ya kidole cha shahada. Kwa mpigaji huyu besi lazima ibaki safi. Pedali yenye mpaka wa Hz 720 tayari inamsaidia kwa kiasi, kwa sababu inapitisha gumba karibu bila kulikuza. Kinachomfaa ni kurudisha uzito baadaye, kwa toni ya mwishoni au kwa kuchanganya sauti safi.

Mapokeo ya pili ni ya kundi: solo, mi-solo, rizimu, besi na ngoma. Kwenye sebene, sehemu ya wimbo inayotawaliwa na magitaa, kila gitaa lina ghorofa yake, na ghorofa ya chini ina wenyewe, gitaa la besi na ngoma ya mguu. Solo ikijaza Hz 80 hadi 150, hailipi kundi uzito. Inamfunika mpiga besi, naye anapandisha sauti, na mwishowe spika zinaelemewa. Besi anayoisikia mpigaji nyumbani, akiwa peke yake, inageuka mzigo Jumapili kanisani. Hapo ndipo yule wa tatu, anayelaumu spika, anapata sehemu ya haki yake. Spika ya inchi 6 au 8 kwenye kisanduku chepesi hutoa kidogo sana chini ya Hz 80. Ukiisukumia besi ambayo haiwezi kuitoa, koni yake inatembea bure na sauti za juu zinatetemeka nayo.

Isidhaniwe pia kwamba sikio la mji huu halipendi uzito. Karindula, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ambayo makundi ya Lubumbashi yalirekodiwa nayo kwa lebo ya Crammed Discs na kutolewa mwaka 2011, inaupata uzito wake kwa mwili mkubwa unaosukuma hewa nyingi. Pedali haina mwili. Inaweza kuruhusu besi ipite, lakini hewa inasukumwa na spika.

Uamuzi

Kwa mpigaji wa solo au rizimu ndani ya kundi, mwenye pedali ya chipu, njia ya kwanza inashinda: swichi au potenshiometa kwenye kapasita ya hatua ya kukuza, na mpaka usishushwe chini ya Hz 150. Ni vipuri vichache, havili betri, na havipandishi mvumo kupita kiasi. Saketi ya Baxandall ninampa mpigaji wa peke yake, au mwenye pedali zaidi ya moja anayetaka toni moja ya zote, kwa sharti kwamba umeme wake umesafishwa na sauti imeshushwa kabla ya kuingia. Kapasita ya kuingilia ibaki dawa ya pedali za transista zenye mlango wa upinzani mdogo. Kwenye pedali ya chipu iachwe ilivyo. Mpiga besi achanganye.

Kabla ya kutoboa kopo, fundi, shika waya mbili zenye klipu na kapasita tatu, 473, 104 na 224. Zibadilishe moja moja huku kundi zima likipiga, kwa spika ile ile mtakayoitumia. Usimsikilize mpiga gitaa peke yake. Muulize mpiga besi anajisikia vizuri na ipi, kisha hiyo ndiyo uichomelee.